Msumari wa Kwanza

Siku serikali ilipowauzia wapangaji wa safu nzima nyumba zao, Bi Nyamizi, aliyepanga yake tangu usichana, alisimama mbele ya ukuta na nyundo mkononi. Wapangaji walikuwa wamekatazwa kugongelea hata msumari mmoja. Miaka yote picha ya marehemu mumewe ilikaa juu ya kabati, imeegemezwa.

“Gonga, shoga!” jirani yake Mkiwa alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. “Au unamngoja mwenye nyumba aje?”

“Mwenye nyumba si ndiye mimi?” akajibu, akashangaa kujisikia akisema.

Akagonga. Ukuta ukaupokea msumari. Aliitundika picha, akarudi nyuma, kiganja kifuani.

Mara picha ikatikisika. Mkiwa naye alikuwa anagonga, na nyumba inayofuata, na nyingine, mpaka mwisho wa safu.