Mtindo Mpya wa Kakakuona

Hebu sema kweli, baada ya kujifungia miezi yote ile ya maradhi, wewe ungekumbuka kucheza ngoma? Kakakuona alikuwa amesahau. Lakini shoga yake Chura alikuwa anarudi jukwaani, na asingehudhuria, urafiki ungekwisha. Akajibanza nyuma, juu ya mteremko. Chura alipoanza kuimba, umati ukambana huku na huku. Kakakuona akajikunja kama mpira, akabingirika hadi jukwaani. Wote wakashangilia, nao wakaanza kubingirika.

"Huo ndio mtindo unaotamba mjini," akasema Hondohondo, mjuzi wa kila kitu. "Kumbe hamkuujua?"

"Shoga, ulinificha!" Chura akacheka. "Nifundishe basi."

Kakakuona akachungulia. "Nikufundishe nini, mwenzangu? Niliogopa umati, nikajikunja."