Majina Thelathini ya Matunda

Katika ukoo mmoja wa tumbili, Mwalimu Kirembwe alifundisha jambo moja tu: majina thelathini ya matunda yanayolika. Aliyeyataja yote bila kukosea alisifiwa. Sikuzani, aliyezoea kuuliza, "Aliyeonja kwanza alijuaje kuwa hakuna sumu?" alitolewa nje ya darasa.

Mwaka mmoja moto uliteketeza msitu wao, wakahamia bonde la mbali. Miti ilijaa matunda, lakini hata moja halikuwa miongoni mwa yale thelathini. Wanafunzi bora walikaa wakikariri huku matumbo yakinguruma.

Siku ya tatu wazazi walimzunguka mwalimu. "Tuambie watoto wale nini!"

"Sijui," Kirembwe akasema kwa mara ya kwanza maishani, kisha akamgeukia Sikuzani. "Mwanangu, swali lako nililikimbia kwa kuwa sikuwa na jibu. Wewe ungeanzia wapi?"

"Ningetazama kima wa hapa wanakula nini, mwalimu. Kisha ningeonja kidogo, nisubiri."

Walitazama mchana kutwa. Kima walipanda mti wenye matunda mekundu. Kirembwe akaomba aonje yeye kwanza. Akamung'unya kipande, akakaa, darasa zima likimkodolea macho mpaka jua likainama.

"Tumbo vipi, mwalimu?" Sikuzani akauliza.

"Linadai jingine!" akajibu, akaangua kicheko. Watoto wakauparamia mti. Yeye akabaki chini, machozi yakimtiririka, akimuuliza kila mmoja tunda lake lina ladha gani.