Kuku Wasiokufa

Daktari Zipporah Andati aliingia bomani kwao Malinya mbio, kiatu kimoja mkononi, simu mkono wa pili.

"Mama! Wamekubali! Lile jarida kubwa la Ulaya limekubali!"

Mama yake, Gentrix, alipiga vigelegele hadi ng'ombe wa jirani akakata kamba. Kabla chai haijachemka, ngoma za isukuti zilikuwa zimefika, na Zipporah anatikisa mabega katikati ya uwanja, mhadhiri mzima, hana habari na matope.

Na nani angemlaumu? Majarida makubwa yalikuwa yamemkataa mara nyingi. Hayataki habari za dawa iliyoshindwa. Mkuu wa idara naye alikuwa amemwambia wazi: bila jarida kubwa mwaka huu, hakuna mkataba mwingine. Ndipo alipoleta nyumbani kuku weupe, makundi mawili. Moja lilipewa majani ya msituni kama dawa ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, la pili halikupewa. Yeye alifundisha mjini na kuja kila Jumamosi kuwahesabu. Mama aliwalisha.

"Hawa wa majani wakifa, Mama, kazi yangu imekwisha," alikuwa amemwambia.

Kideri kikapita kijijini. Kundi la pili likafagiliwa mbali. La majani halikupoteza hata mmoja! Tena lilizidi ukali: kila Jumamosi aliwakuta wakipigana upya, kama mafahali uwanjani. Zipporah akaandika kwamba dawa huongeza ujasiri. Wahariri waliipenda sana aya hiyo.

Sasa jirani yao, mzee Patroba, alisimama na soda yake. "Daktari, mimi nimeacha kuchanja kuku wangu. Ni majani yako tu!"

Watu wakashangilia. Zipporah alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo maishani mwake.

Mama akaja na sahani ya ingokho, kuku wa kupikwa, akamchagulia imondo, ile firigisi ambayo kwao huwekewa mwanamume mwenye heshima. "Leo ni yako," alisema, akamtia mdomoni mwenyewe. Kisha akamwinamia sikioni, uso umejaa tabasamu.

"Sasa si wamekubali, mwanangu? Basi nipumzike. Nimechoka kwendanga sokoni Shinyalu kununua wengine kila wa majani wakikufa."