Ngamia wa Kinu cha Ufuta

Ngamia mmoja alizungusha kinu cha ufuta mpaka akazeeka. Kinu kilipofungwa, kila usiku mawazo yake yaliendelea kuzunguka, na miguu ikayafuata hadi alfajiri.

Paka, jirani yake, akachoshwa na vishindo. "Babu, hebu lala!"

"Nitalalaje, mjukuu wangu, na kimya chote hiki?"

"Basi nihadithie hicho kinu chako."

Ngamia akasimulia mlio wa mti ukizunguka, harufu ya mafuta mabichi, na kitambaa alichofungwa machoni asishikwe na kizunguzungu. Mara Paka akasinzia palepale miguuni pake. Ngamia akaogopa kumkanyaga, akatulia tuli. Akafumba macho, kama enzi za kile kitambaa.

Kulipokucha Paka akauliza, "Babu, hadithi iliishaje?"

"Sijui," akajibu Ngamia. "Hata mimi nilipitiwa."