Mizani ya Muuza Nyama

Binti aliporudi wodini na shuka safi, alimkuta baba yake ameteremsha mguu uliovimba, kidole gumba kimelalia mfuko wa mkojo unaoning'inia kwenye mizani ya mashine.

Namba kwenye kioo ilipanda.

"Baba! Unafanya nini?"

Mzee alishtuka kama mwizi. Miaka arobaini ameuza nyama, na hakuwahi kumpunja mtu hata robo.

"Juzi ilipanda, ukacheka," alisema akihema. "Jana ikagoma, ukaenda kulia huko nje. Mizani naijua mimi, mama."

Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, maji yakamjaa mwilini. Mashine ilimpa dawa ya kuyatoa, ikipima mkojo: ukipungua, inaongeza dawa, ukizidi, inapunguza.

"Kumbe ndiyo maana imekupunguzia dawa tangu jana!"

Mzee aliinamisha kichwa.

Binti alibonyeza kengele ya kumwita muuguzi. Kisha akapiga magoti, akakandamiza muundi wa baba kwa dole gumba, akaliondoa. Kishimo kikabaki. Alingoja kijae. Hakikujaa.

"Cheka basi, mama," mzee alinong'ona.