Wawira wa Mkononi

Mjukuu wangu alinieleza haya Jumapili jioni, alipofika kwangu Kianjai na mtoto mgongoni.

Walikuwa wameenda Meru mjini, mumewe afutwe tatuu ya mkononi kwa leza, maana kazi ya askari haichukui mtu mwenye tatuu. Ilisema "Wawira". Kabla ya harusi mume alikuwa amemwambia hilo ni jina la marehemu mama yake. Basi binti yao wa kwanza, kama ilivyo desturi ya kumwita jina la mama wa baba, akapewa jina hilo.

Mjukuu wangu alitoka nje kunyonyesha. Aliporudi, akasikia daktari nyuma ya pazia.

"Vumilia, kijana. Wawira ndiye mama watoto?"

Mume akacheka. "Wapi! Huyo ni msichana tuliachana Embu. Mke wangu anafikiri ni mama yangu."

Mjukuu wangu akafungua pazia. Mkono ulikuwa umefura, unanuka nywele zilizoungua. Herufi zilikuwa zimegeuka nyeupe, lakini zilisomeka.

"Na huyu mtoto," akamuuliza, "tutamfutia wapi?"

Akaja kwangu. Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Mtoto alikataa kulala. Nikambeba, nikataka kumwita, nikakosa la kumwita.

"Lala, kamama, lala," nikasema tu, mpaka akalala.