Posti ya Saa Nne

Ziada alikuwa ameshaandika jinsi alivyolia siku ya kuposwa kwake, na wala hajaposwa.

"Soma hapo kwenye leso," alimwambia jirani yake Salha, huku wakikata nyama jikoni. "Nimelia mpaka imelowa!"

Salha alifuta mikono, akasoma kwenye simu, akacheka mpaka akakaa chini. "We Ziada! Wageni hata mlimani hawajashuka!"

Ndivyo alivyo. Blogu yake, Jiko la Upareni, haijawahi kukosa Jumapili hata moja. Saa nne asubuhi kitu kiko hewani. Jumamosi hakuigusa, maana wasomaji wake wengi ni Wasabato na siku hiyo simu wamezifungia. Siri yake ni kuandika mapema. Alikuwa akijifungia siku nzima, anaandika za miezi mitatu, anaziseti zijirushe zenyewe kwa zamu, kisha anaendelea na maisha yake.

Vituko vimetokea, sikatai. Wiki aliyougua malaria, blogu ilitangaza kuwa ana nguvu tele na anatwanga mahindi ya makande. Mwaka wa ukame alisifia mvua iliyolowesha Same nzima, na Same nzima ikamcheka. Hakukoma.

Safari hii alikuwa na uhakika. Mzee Erasmo wa Mhezi alikuwa akileta tangawizi kwenye genge la mama yake Ziada, hapo Same mjini. Dereva wake alikuwa mwanawe Anderson, kijana mrefu mwenye aibu, ambaye Ziada akimwona tu anasahau bei ya nyanya. Zamani walishuka mara moja moja. Siku hizi walikuja kila gulio, na tangawizi yenyewe haijazi hata ndoo. Mzee alinyoa ndevu, akanunua na viatu vipya. Ziada alifurahi kupata baba mkwe anayejiandaa mapema kama yeye.

Kisha mjomba Paschal akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Watu wa Mzee Erasmo wameleta neno. Watakuja Jumapili. Wewe moyo wako umeridhia?"

"Umeridhia kabisa, mjomba!"

"Umetupunguzia kazi. Tulikuwa tunakuogopa wewe tu."

Katika ukoo wao mambo ya posa huzungukwa kwa adabu, na hakuna anayeyataja kwa jina kabla wageni hawajakaa. Hata mama, aliyemlea Ziada peke yake tangu baba yake afariki, jioni hiyo alikaa kando ya mwanawe akisokotasokota ncha ya kanga.

"Kwa hiyo huna neno, mwanangu?"

"Neno gani, mama? Mimi ndiye wa kufurahi kuliko wote!"

Mama alimkumbatia akalia. Kesho yake akapeleka kitenge kwa fundi, mshono wa mikono ya puto. Ziada akaona ndiyo sawa, mama wa bibi harusi lazima atoke.

Akafungua kompyuta, akaandika kama mwenye homa. Kuposwa, sendofu, harusi. Akaandika juma lake la kwanza Mhezi, katika nyumba ya wanaume watupu, baba na mwana, wanaopika makande bila chumvi. Akaandika na mtoto wa kwanza anavyoota jino. Zote akaziseti.

"Basi simamisha hii ya leo," Salha alimsihi pale jikoni Jumapili hiyo. "Ngoja kwanza wapokelewe. Watu watakusema, shoga."

"Nikisogeza moja, zote zinavurugika. Nitachelewa hadi kujifungua!"

Wakacheka tena. Nje magari mawili yakapiga honi, vigelegele vikapaa. Mashoga hao wawili walirukia dirishani. Mbuzi akateremshwa, ikafuata mikungu ya ndizi. Mzee Erasmo alishuka akiwa ndani ya suti, viatu vinang'aa. Nyuma yake Anderson naye ndani ya suti, anatazama chini kwa aibu. Ziada alimshika Salha mkono kwa nguvu. Alimtaka huyo kijana, alimtaka kwa moyo wake wote, na sasa yuko mlangoni kwao.

"Mama yako yuko wapi?" Salha aliuliza.

"Chumbani. Hataki kutoka, anasema atalia."

Saa nne ikagonga, simu ikatetemeka. Posti imeruka! Hongera zikaanza kumiminika, kutoka Usangi, kutoka Ndungu, kutoka Dar. Bi harusi wetu! Tunakuja na masufuria yetu! Ziada alikuwa akirukaruka katikati ya jiko, mwiko mkononi, mjomba alipoita kutoka sebuleni.

"Ziada! Njoo huku, mama."

Alijitanda kanga, akaingia ameinamisha kichwa.

"Wageni hawa unawaona," mjomba alisema. "Wamekuja na neno lao. Sisi wazee hatuna kizuizi, ila hatufanyi kitu bila wewe. Tuwapokee?"

Binti wa adabu hunong'ona. Ziada alisikika hadi barabarani.

"Wapokeeni!"

Sebule ililipuka kwa vigelegele. Machozi yakamtoka kweli, mengi kuliko aliyoyaandika, naye akayaacha yatiririke.

Mshenga, mzee mwenye kofia ya sufu, alisimama akitabasamu.

"Mtoto wa pekee ameridhia. Nani tena wa kukataa? Basi mleteni Mama Ziada, Mzee Erasmo amemngoja vya kutosha. Na wewe Anderson, usikae kama mgeni. Inuka umsalimie dada yako."